Plagi ya thredi iliyogoma kwenye bloku: imeshikwa na nini na inatokaje

Kuna 1HZ ililetwa gerejini kwetu Arusha ikiwa imegonga, ile injini ya dizeli ya Land Cruiser, silinda sita, lita 4.2, gari zake ukisimama asubuhi barabara ya kwenda mbugani zinakupita moja baada ya nyingine. Mwenye gari mzee mmoja mpole sana, kaniambia fundi hii injini imefunguliwa yote, kreki (shafti inayozungushwa na pistoni) imeenda leithi, beringi mpya, pistoni mpya, na haijamaliza wiki tatu. Tukashusha sampu, bakuli la oili la chini, tukafungua beringi, zimechorwa mistari kama kuna mtu kapitisha msasa. Nikauliza bloku lilioshwa wapi, akasema mbona lilioshwa vizuri tu, liliwekwa kwenye pipa la kostiki soda likatoka jeupe. Nikaenda moja kwa moja kuangalia plagi za njia ya oili, vile vizibo vya thredi vya kwenye bloku. Hazijaguswa hata moja, tundu zake za kuingiza aleni ki, ule ufunguo wa pembe sita, zina pembe kali kabisa kama zimetoka kiwandani jana, hazina mkwaruzo.

Hapo nikajua uchafu ulikuwa umelala wapi.

Nimeamua kulieleza hili jambo kwa kirefu maana mafundi wengi hawaziachi hizi plagi kwa kutokujua, wanaziacha kwasababu siku moja walishajaribu zikakataa, aleni ki ikazunguka tupu, wakaogopa kuharibu bloku la mtu. Na kuogopa sio kosa. Ila ukishaelewa ni kitu gani hasa kinaishika ile plagi utaona kazi inabadilika kabisa, kwasababu nguvu peke yake ndo inayovunja vitu, na plagi nyingi nilizozitoa zikiwa zimegoma zilitoka kwa mkono wa kawaida baada ya kuandaliwa.

Kwanza tuelewane ni plagi ipi. Bloku lina vifuniko vya aina mbili. Kuna vile vya bati vya duara vinavyopigiliwa kwa nyundo kwenye ubavu, vile havina thredi na vinatoka kirahisi, unavipiga upande mmoja vinageuka unavivuta na plaizi. Hivyo sio ninavyozungumzia. Ninazungumzia plagi za kufunga kwa thredi, na hizo zinakaa sehemu mbili. Moja ni plagi au koki ya kumwagia maji ya bloku, kwa chini ubavuni. Ya pili ni zile za njia ya oili, na hizi ndo zenye kesi kubwa. Kiwandani wanapotengeneza bloku wanatoboa tundu refu kwa biti ndefu toka mwanzo wa bloku kwenda mwisho, ndo barabara kuu ya oili, alafu wanatoboa vichochoro vinavyotoka pale kwenda kwenye kila beringi ya kreki. Wakimaliza, mdomo wa ile barabara unabaki wazi kwaiyo unazibwa na plagi. Sasa angalia, nyuma ya plagi ni kona isiyo na njia, oili haipiti pale, inasimama. Uchafu wowote unaopita unakwenda kutulia pale, miaka yote, na mkileta mambo ya kuhoni, yaani kusugua ukuta wa silinda kwa jiwe, na kusaga, unga wa jiwe nao unaenda kukaa hapo hapo.

Na kitu ambacho wengi hawakifikirii, oili inatoka pampu inapita filta ndo inaingia kwenye barabara kuu. Yaani filta iko kabla. Uchafu ulioko nyuma ya plagi uko baada ya filta, hauna wa kuuzuia, injini ikiwaka pressa inauchukua inaupeleka beringini moja kwa moja, na nafasi kati ya beringi na kreki kwenye injini nyingi inacheza kwenye 0.03 mpaka 0.06 mm. Kostiki soda inaulegeza ule uchafu lakini hauna pa kutokea kama plagi ipo, ndo maana bloku linatoka jeupe kwa nje huku ndani kumekorogwa.

Haya, kwanini inagoma. Plagi hizi nyingi hazina thredi kama ya bolti. Bolti unene wake ni uleule toka juu mpaka chini, inakaza kwa kichwa. Hii plagi ya bomba ni nyembamba kuelekea ncha, kwa kila milimita 16 za urefu unene unapungua milimita 1, iwe ya kipimo cha Kimarekani au cha Kiingereza ambacho Wajapani wengi nao wanakitumia. Maana yake ni kabari iliyozungushiwa thredi. Unavyozidi kuifunga inazidi kujibana ukutani mwa tundu mpaka chuma na chuma vinasagana, na ndo inavyoziba oili bila gasketi. Juu ya hiyo kabari ongeza gundi ya kiwandani iliyokauka kwenye thredi, ongeza oili iliyoungua ikawa kama lami, na kama ni plagi ya maji ongeza kutu. Kutu ni hatari kwa namna yake kwasababu chuma kikigeuka kutu kinachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile kilichokuwa nayo, kwaiyo pale kwenye thredi inavimba na kukaza kuliko fundi aliyeifunga.

Lakini hiyo kabari ndo hiyohiyo inayotusaidia, na hapa naomba usome taratibu. Chukua plagi ya robo inchi, unene wake kama 13 mm, thredi 19 kwa inchi kwa kipimo cha Kiingereza. Ukiizungusha mzunguko mmoja inarudi nyuma kama 1.3 mm, na kwa ule mteremko wa moja kwa kumi na sita inaachia nafasi ya kama 0.08 mm, karibu unene wa karatasi. Robo mzunguko ni 0.02 mm. Basi. Hicho kiasi kidogo ndo tofauti ya plagi iliyokufa na plagi inayozunguka kwa vidole. Bolti ndefu yenye kutu utapigana nayo kila thredi mpaka mwisho, plagi ya kabari ikikubali robo ya kwanza mara nyingi imeisha hiyo. Kwaiyo kazi yetu yote ni kuitafuta hiyo 0.02 mm, na inapatikana kwa njia nyingi kuliko kuning'inia kwenye bomba la mita mbili.

Kabla ya moto, kabla ya dawa, safisha tundu la aleni ki. Nimeona watu wanaingiza aleni ki kwenye tundu limejaa uchafu mgumu kama saruji, ki inaingia nusu, wanavuta, pembe zinalika, alafu wanasema plagi imegoma. Plagi haijagoma, hujaishika. Chokoa kwa msumari uliochongwa, pulizia na kompresa, chokoa tena mpaka uone chuma chini. Alafu pima. Kuna tundu la 6 mm na kuna la robo inchi ambalo ni 6.35, ki ya sita itaingia kwenye la robo inchi na utaona kama inatosha kidogo hivi, ukiweka nguvu inageuka tundu linakuwa duara. Ila 5/16 na 8 mm zinakaribiana sana, hapo unaweza kuponea. Injini za zamani za Kiingereza, mfano zile Perkins za silinda tatu kwenye Massey Ferguson 135, utakutana na vipimo vya inchi, kwaiyo usiende na boksi ya milimita peke yake ukategemea bahati. Na usitumie ile aleni ki ya L ya kufungia baiskeli, tumia biti ya kuchomeka kwenye soketi, chuma kigumu, uipige kwa nyundo ndogo iingie mpaka chini ikae kwa kubana.

Ukishaikalisha vizuri, ipige. Watu wanashangaa, si unazidi kuiingiza? Hapana, thredi haikubali kuingia bila kuzunguka, pigo linakwenda kwenye ile nafasi ndogo kati ya meno ya plagi na meno ya bloku na linapasua gundi na kutu. Chukua kipande cha chuma cha duara kinachoingia karibu na upana wa plagi, piga mapigo makavu matano sita, sio ya kuua, ya kushtua. Kwenye bloku la alumini punguza nguvu. Baada ya hapo jaribu kwa kushtua pia, impakti ya kupiga kwa nyundo inafanya vizuri kuliko kuvuta kwa mkono mrefu maana inapiga na kuzungusha kwa wakati mmoja, na ukiwa na impakti ya upepo iweke nguvu ndogo uiachie ipigepige nusu dakika, pressa ya chini kwa muda mrefu inashinda pressa kubwa ya sekunde mbili inayokata kichwa. Mimi huwa najaribu pia kuikaza kidogo kiasi cha unywele kabla ya kuifungua, unachotaka ni ile gundi ikatike, upande haijalishi.

Dawa za kutu nitazisema kwa kifupi. Zinasaidia kwenye plagi ya maji, kwenye plagi ya oili hazisaidii sana kwasababu pale hakuna kutu, kuna gundi na kabari. Wengine wanachanganya asetoni na oili ya gia boksi ya otomatiki nusu kwa nusu, nimeitumia, inapenya, ila ipewe usiku mzima sio dakika tano. Na kitu kimoja nakisema kwa uzito, ukishapulizia kitu chochote cha kuwaka usilete moto mpaka umefuta na kimekauka, na zile spree za kusafishia breki zenye klorini usizitumie kabisa sehemu utakayopasha au kuchomelea, zikipata moto au mwanga wa weldingi zinatoa gesi ya fosjini ambayo ni sumu ya mapafu. Hiyo sio ya kujaribu.

Sasa moto. Hapa ndo penye elimu yote na ndo penye makosa mengi.

Kijana wangu wa gereji aliniuliza siku ile ile ya 1HZ, "Kaka, tukipasha bloku chuma si kinavimba, tundu si litazidi kubana?" Ni swali zuri na karibu kila anayeanza analifikiria hivyo. Nikamuuliza, ringi gia ya flaiwili, ile pete ya meno, tunaivalisha vipi? Akasema tunaipasha moto. Ikipata moto tundu lake linafanyaje? Akanyamaza kidogo akasema linapanuka. Ndo hivyo hivyo. Tundu ndani ya chuma linapanuka pamoja na chuma, kama lingekuwa limejazwa chuma kilekile. Kwaiyo bloku likipata joto tundu linakuwa kubwa.

Tatizo ni plagi nayo iko ndani, ikipata joto lilelile nayo inakua. Bloku la kasti na plagi ya chuma vinakua karibu sawasawa, kama sehemu 11 kwa milioni hivi kwa kila digrii moja, namaanisha kipande cha mita moja kinaongezeka kama 0.011 mm kwa digrii. Kwaiyo ukiweka jiko la gesi ya kupikia chini ya bloku ukakaa nusu saa, kila kitu kimepata joto sawa, hujafungua chochote, umelainisha gundi tu. Na kulainisha gundi sio kazi bure, gundi kali za thredi zinaanza kuachia kuanzia kama digrii 250, ila kabari bado ipo palepale.

Unachotafuta ni tofauti ya joto. Bloku liwe na moto, plagi iwe ya baridi. Piga hesabu kwa ile plagi yetu ya 13 mm, bloku likiizidi plagi kwa digrii 150 tundu linafunguka kama 0.02 mm. Si unaona, ni ileile robo mzunguko tuliyokuwa tunaitafuta, umeipata bila kugusa spana. Ila inabidi uwe na moto wa haraka, mtungi wa oksijeni na asitilini, ambao mwali wake unapita digrii 3,000, uzungushe pembeni ya plagi sio juu yake, duara, bila kusimama sehemu moja, na mwenzako ameshikilia kompresa anapuliza plagi katikati. Moto wa polepole unaipa plagi muda wa kupata joto, tofauti inapotea. Kasti usiifanye iwe nyekundu, na usianze na mwali mkali kwenye chuma cha baridi, kwanza pasha eneo pana kwa upole alafu ndo usogee, kasti inapasuka ikipashwa kona moja ghafla. Kupima bila kipimo dondosha tone la maji, likichemka na kukauka umepita mia, likigeuka kagololi kanakorukaruka uko maeneo ya 200. Na usimwage maji kwenye bloku la moto hata kama una haraka gani, bloku zimepasuka hivyo.

Bloku likiwa bado na hilo joto gusa mshumaa pembeni ya plagi. Nta inayeyuka na inavutwa kuingia kwenye mpaka wa plagi na tundu, unaiona kwa macho inazama, ikikaa ndani inakuwa kilainishi. Ikitoa moshi mwingi chuma kimezidi joto, subiri. Mshumaa wa kawaida tu wa dukani, na mafundi waliotufundisha walikuwa wanatumia nta ya nyuki. Mimi nimeona plagi iliyokataa siku mbili ikatoka baada ya mshumaa na sina shaka nao.

Alumini ni habari nyingine na ni nyepesi zaidi kwenye upande wa moto. Alumini inakua karibu mara mbili ya chuma, kama 23 kwa 11, kwaiyo bloku la alumini lenye plagi ya chuma hata ukivipasha vyote kwa pamoja digrii 100 tundu linalegea lenyewe. Hapo jiko la polepole linafaa. Lakini alumini haibadilishi rangi kabla ya kuyeyuka, huwezi kuona nyekundu ikakuonya, na thredi zake ni laini zinavulika zote mara moja. Na alumini usiitie kostiki soda, inaliwa. Kama plagi ni ya brasi, ile shaba ya njano, kwenye bloku la kasti, ni kinyume, brasi inakua kuliko kasti, ukivipasha vyote inazidi kujibana, lakini ukisubiri vipoe yenyewe inakuwa imejiminya na inaweza kutoka ikiwa ya baridi.

Hiyo ya kujiminya naomba niikazie kwasababu ndo siri ya njia ninayoiamini kuliko zote pale pembe za tundu zikishalika. Chukua plagi ya chuma, uipashe yenyewe mpaka iwe nyekundu huku bloku likiwa la baridi. Plagi inataka kukua, kwa digrii 600 ile ya 13 mm inataka kuongezeka kama 0.09 mm, lakini bloku limeikumbatia halisogei. Chuma chekundu ni laini, kwaiyo kinakubali, kinajiminya na kuvimba kwenda nje badala ya pembeni. Ikianza kupoa inasinyaa kuanzia kwenye ule umbo ulioshaminywa, inakuwa nyembamba kuliko tundu. Kutu na gundi vyote vimeshapasuka njiani. Ndo maana kuchomelea nati juu ya plagi kunafanya kazi, watu wanafikiri faida ni kupata kichwa kipya cha kushika na spana, hiyo ni faida ya pili, ya kwanza ni moto ulioingia katikati ya plagi.

Ukifanya, weka kwanza washa ya chuma juu ya plagi yenye tundu dogo kuliko upana wa plagi, chomelea ndani kwenye tundu la washa mpaka ishike plagi, alafu weka nati juu ya washa uijaze kwa ndani na uizungushe nje. Washa inalinda bloku lisiguswe. Elektrodi ya 2.5 inatosha, na moto usiuonee huruma, weldingi baridi inabanduka. Kama injini bado iko kwenye gari toa vichwa vya betri na nyaya za alteneta na kompyuta kwanza, na waya wa ethi wa weldingi ushike kwenye bloku karibu na plagi. Ukimaliza usifungue papohapo. Hapa kijana wangu huwa anapata shida kusubiri. Plagi ikiwa nyekundu bado imekua, acha ipoe mpaka unaweza kuishika kwa glavu, mshumaa pembeni, alafu spana, mbele nyuma, mbele nyuma, kidogo kidogo. Ukisikia imelia mlio mkavu kama kijiti umeipata. Nati ikikatika chomelea nyingine, mara ya pili na ya tatu mara nyingi ndo inatoka maana kila ukichomelea umerudia ule moto. Plagi ya brasi usiijaribu kwa hii njia, elektrodi ya chuma haishiki.

Kutoboa nakuweka mwisho kabisa. Piga alama kwa senta panchi katikati halisi, na ukikosea katikati simama urekebishe, ukienda pembeni utakula thredi za bloku. Anza 3 mm, panda polepole, na ukipata biti za kuzunguka kushoto zitumie, zinatoboa huku zinavuta plagi upande wa kufungua na kuna siku inatoka yenyewe biti ikiwa ndani. Plagi ya robo inchi mimi nikifika 10 mm nasimama, ya 3/8 nasimama 13, kwasababu kumbuka inakuwa nyembamba kuelekea ndani. Ukuta unaobaki unaukata kwa kipande cha msumeno wa chuma sehemu moja au mbili mpaka uone kivuli cha thredi, usizivuke, alafu tindo nyembamba unaukunja kuelekea katikati. Ukishakunja upande mmoja kabari imekufa.

Izi auti sasa, ile ya kuchomeka kwenye tundu ikazunguka kinyume. Kwenye bolti iliyokatika sawa. Kwenye plagi ya kabari iliyotobolewa tundu kubwa siitaki, na sababu yake ni rahisi ukishaelewa yaliyotangulia, izi auti zile nene juu nyembamba chini nazo ni kabari, ukizikaza zinapanua plagi kutokea ndani, yaani unaibana plagi ukutani kwa nguvu zilezile unazotumia kuitoa. Ikikatikia humo ni chuma kigumu kuliko biti zako zote, hapo unatafuta biti ya kabaidi au unapeleka bloku kwa wenye mashine ya kula chuma kwa cheche za umeme, na gharama inaweza kukaribia bei ya bloku la mtumba. Ukilazimika chagua zile za mistari iliyonyooka, hazipanui sana.

Plagi ya maji ya bloku ina lake moja. Wengi tunamwaga rejeta tu tunajaza, maji ya bloku yanabaki mengi ya zamani, na kwa wanaoweka maji ya bomba bila kulanti, ile dawa ya rejeta, kutu na tope vinakaa chini kwenye silinda za nyuma mpaka injini inachemka bila sababu inayoonekana. Ukiifungua hiyo plagi na maji yasitoke usifurahi kwamba limekauka, chomeka waya, tope limeziba. Na kabla hujaleta moto hapo hakikisha maji yameshamwagwa yote kwa juu, maji yaliyofungiwa nyuma ya plagi yakichemka yanatupa plagi usoni.

Kurudisha ni kufupi. Plagi mpya, ni bei ndogo mno kurudisha ile iliyoteswa. Hakikisha ni ya kipimo kilekile, robo inchi ya Kiingereza ni thredi 19 na ya Kimarekani ni 18, zinashikana mizunguko miwili mitatu unadhani ndo yenyewe, alafu inavuja au inapasua. Pitisha tapu, ile ya kuchongea thredi, kusafisha tu, sio kuchonga upya. Gundi ya thredi ya majimaji, kidogo, kuanzia thredi ya pili, tepu nyeupe ya mabomba usiiweke kwenye njia ya oili, kipande kikikatika kitaenda kuziba tundu la beringi. Na usikaze kwa hasira, kabari hiyo hiyo inapasua mdomo wa bloku, tena ikizama sana inaweza kuziba kichochoro cha pembeni, kwaiyo pima ile ya zamani ilikuwa imezama kiasi gani kabla hujaitoa.

Ile 1HZ plagi tulizozifungua zilikubali kwa moto na mshumaa, isipokuwa moja iliyohitaji nati mbili. Kijana alipitisha brashi ndefu toka mwanzo wa bloku mpaka mwisho na mafuta ya taa yanafuata nyuma, ikatoka kwanza tope jeusi, alafu unga wa kijivu unaokwaruza ukiusaga kati ya vidole, unga wa jiwe la kuhonia. Mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo pembeni akaomba aone, tukampakia kidogo kiganjani, akausugua muda mrefu bila kusema kitu. Mara ya nne ndo kitambaa cheupe kilitoka kikiwa cheupe, nikamwambia mzee wangu sasa ndo tunaweza kuagiza beringi.